Juu ya Kuwafariji Wenye Msiba

Liko swali moja ambalo sisi waalimu twaulizwa kwa uchungu kuliko maswali yote, nalo haliulizwi darasani wala kanisani, bali huulizwa uani, penye mkeka, usiku wa kwanza wa matanga. Mama aliyefiwa na mtoto huinua uso akasema, "Mwalimu, kwa nini?" Watu wote hunyamaza, wakatazama kinywa cha mwalimu, maana yeye ndiye asomaye vitabu. Nasi leo twataka kulitafakari jambo hili: je, swali hilo lapasa kujibiwa pale pale? Na kama lapasa, ni jibu gani? Wengine watasema hapana haja ya kupoteza wino, kwa kuwa jibu lajulikana na kila Mkristo, nalo ni kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sisi twaona ya kuwa jibu hilo, likitolewa upesi, limewadhuru wengi kuliko liliowaponya, nasi tutajaribu kuonyesha sababu zake.

Habari ya Ayubu twaijua sote, lakini wengi wetu huukumbuka mwanzo wake na mwisho wake tu, wakaziruka sura 35 za katikati, ambamo ndimo lilimo jambo lenyewe. Mtu huyu alifiwa na watoto kumi kwa siku moja, wana saba na binti watatu. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walipopata habari walipatana, wakatoka kila mtu kwao, wakaja. Hali yake ilikuwa mbaya hata walipomwangalia kwa mbali hawakumjua. Wakalia, wakajitia mavumbi, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hapana mmoja wao aliyesema neno.

Hapa twamwomba msomaji atue kidogo. Watu hawa watatu hulaumiwa sana mimbarini, nao wastahili lawama. Walakini siku zile saba walifanya uchungaji mwema kuliko mwingi tuuonao leo. Hawakuja na hotuba, wala hawakutuma salamu wakabaki kwao. Waliketi chini, si kitini, wakangoja. Wazee wetu wana mithali isemayo ya kuwa kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Ayubu mwenyewe.

Kosa lao lilianza alipokwisha kusema. Aliilaani siku aliyozaliwa, na maneno yale yakawatisha. Twadhani hawakuwa watu wabaya, ila walikuwa watu wenye hofu. Maana ikiwa mtu mwema kama huyu aweza kupatwa na mambo haya bila kosa, basi hata Elifazi aweza kupatwa, na Bildadi, na Sofari, na watoto wao walio nyumbani. Hofu hiyo hawakuweza kuistahimili. Ikawalazimu kumwona Ayubu kuwa mkosaji ili wao wapate usingizi. Bildadi akamwambia baba wa watoto kumi, ambao udongo wa makaburi yao haujakauka, kwamba huenda watoto wale walilipwa makosa yao. Elifazi alianza kwa upole, lakini mwisho akamtungia madhambi: ati aliwanyima maji wenye kiu, ati aliwafukuza wajane mikono mitupu. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na haja ya makosa hayo tu, kwa kuwa bila hayo hesabu yake haikutimia.

Na mwisho wa habari, Mungu alimkasirikia nani? Si yule aliyelalamika na kumwita Mungu shaurini, bali ni wale watatu waliojifanya mawakili wa Mungu. Wakaamriwa kuleta ng'ombe waume saba na kondoo waume saba, wamwendee yule yule waliyemhukumu, ili awaombee. Jambo hili latupasa kututia hofu sisi tusimamao mbele ya watu. Kumbe mtu aweza kumtetea Mungu kwa maneno mazuri, yenye kupangwa vema, naye Mungu akayakataa.

Basi turudi kwa yule mama mkekani. Tuseme mtoto wake alikufa kwa malaria, kama wafavyo watoto wengi hata leo. Chandarua hakikuwapo, zahanati i mbali, na walipofika dawa imekwisha. Anakuja mzee wa kanisa, anamshika bega, anamwambia, "Usilie, mama, Mungu amempenda zaidi." Mzee huyu ana nia njema, hatuna shaka. Lakini mama asikia nini? Asikia kwamba yuko mmoja mwenye nguvu kuliko yeye, aliyemtaka mtoto wake, akamtwaa. Na jioni yake aambiwa apige magoti amwombe huyo huyo. Ataombaje? Tena ndani ya neno lile mna jambo jingine baya: mbu, na umbali wa zahanati, na kabati tupu la dawa, vyote vimefunikwa kwa blanketi moja liitwalo mapenzi ya Mungu, wala hapana mtu atakayeulizwa juu yake. Huko ni kumtwika Mungu deni la watu.

Mtu atasema, "Je, Ayubu mwenyewe hakusema kwamba Bwana ndiye mtoaji na Bwana ndiye mtwaaji?" Alisema, tena kwa imani kuu. Lakini tazameni ni nani aliyesema. Ni Ayubu, juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa chini, kichwa kimenyolewa. Neno hilo kinywani mwake lilikuwa sadaka. Kinywani mwa jirani ambaye watoto wake wacheza nje lingekuwa kitu cha bei rahisi. Mama akisema mwenyewe ya kuwa ayakubali mapenzi ya Mungu, na tumwitikie Amina kwa heshima, tusimsahihishe. Ila tusimtangulie. Watu wa pwani husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi ni wepesi mno kuubeba kwa maneno mzigo tusiousikia mabegani.

Tena kuna hatari nyingine. Katika vijiji vyetu swali la "kwa nini?" lina ndugu yake, nalo ni "nani?" Mwalimu akilifunga la kwanza kwa neno moja la haraka, mfiwa hubaki na la pili, akaenda nalo usiku kwa mpiga ramli. Na tusijidanganye kwamba watu humwendea huyo kwa ujinga tu. Humwendea kwa sababu huketi nao. Husikiliza habari tangu ugonjwa ulipoanza, huuliza majina ya jamaa na magomvi ya nyuma, hana haraka, wala hatazami saa. Laiti angaliishia hapo! Lakini mwisho hutoa jibu, na jibu lake huwa ni mtu. Katika nchi ya Usukuma, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuwa walisingiziwa kuwaloga watoto wa majirani, na ushahidi uliotajwa ni kwamba macho yao ni mekundu. Kumbe wekundu ule ni wa moshi, kwa sababu wamepika maisha yao yote kwa kuni, na mabua ya pamba, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Nyuma ya panga lile alikuwapo mtu mwenye msiba, aliyetaka kujua sababu, akapewa sababu.

Kwa hiyo sisi twasema ya kuwa Elifazi na mpiga ramli ni wa ukoo mmoja, ingawa mmoja hutaja jina la Mungu na mwingine hatikisi ila kibuyu chake. Wote wawili hawawezi kuvumilia msiba usio na mkosaji.

Wala tusidhani ya kuwa ukoo huo haujaingia kanisani. Ugonjwa wa Ukimwi ulipotambuliwa mara ya kwanza katika Tanzania, mkoani Kagera mwaka 1983, haukuwa na dawa, na watu walikufa nyumba kwa nyumba hata mabibi wakaachiwa wajukuu wawalee kwa nguvu za uzee. Zamani zile wako wahubiri, pale Kagera na kwingineko, waliosimama juu ya makaburi wakatangaza ni dhambi gani iliyomlaza marehemu humo, na mjane amesimama anasikia, na watoto wanasikia. Mjane huyo pengine hakukosa neno lo lote ila kuwa mwaminifu kwa mumewe. Na hata kama marehemu alikosa, je, Bwana wetu hakuulizwa jambo hili waziwazi? Yeye mwenyewe alitaja habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakana kabisa ya kuwa walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu; akawageukia walio hai, akawaambia watubu wao. Kaburi la mwenzio si mahali pa kufundishia watu wengine habari za dhambi zake. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure katika Tanzania mwaka 2004, wengi wa wale waliokwisha kuhukumiwa waliinuka vitandani, wakarudi shambani, na leo wako waimbao kwaya.

Hapa msomaji mwenye akili aweza kutupinga, akasema: "Mwataka Mkristo anyamaze kama jiwe? Je, hatuna tumaini la ufufuo? Mtume hakuandika kwamba tusihuzunike kama wasio na tumaini?" Pingamizi hili ni zito, nasi hatutalipita mbio.

Tumaini tunalo. Lakini tumaini halifuti machozi kabla ya wakati wake. Tazameni Bethania. Lazaro alikuwa amekwisha kukaa kaburini siku nne, na dada zake wawili walimwambia Yesu maneno yale yale, kila mmoja kwa wakati wake, ya kuwa angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa. Martha alimwendea njiani, akasimama, akasema naye. Naye alimjibu kwa mafundisho ya ufufuo. Mariamu alianguka miguuni pake, akalia. Naye hakumpa mafundisho hata moja. Aliuliza walipomweka, kisha akalia mwenyewe. Maneno ya dada hawa yalikuwa mamoja, majibu yakawa mawili, kwa kuwa mioyo ilikuwa miwili. Tena alijua la kufanya, naye kwa muda mfupi atamwita Lazaro atoke. Hata hivyo alilia. Ikiwa machozi ni upungufu wa imani, basi siku ile Bethania ni imani ya nani iliyopungua?

Kazi ya mchungaji basi si kunyamaza siku zote, wala kusema siku zote, bali ni kumtambua aliye mbele yake, kama ni Martha au ni Mariamu. Na kwa kuwa utambuzi huu huhitaji muda, twasema aanze kwa kuketi.

Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, ametuachia habari ya kifo cha mamaye Monika, mwaka 387, katika bandari ya Ostia karibu na Roma, walipokuwa wakingoja chombo cha kurudia kwao. Augustino alimfumba mama macho kwa mkono wake. Mwanawe kijana, Adeodato, alipolia kwa sauti, watu wazima wote walimnyamazisha; waliona kilio hakifai juu ya mtu aliyekufa katika imani. Augustino naye akajikaza. Akazika bila chozi, akaenda kuoga akidhani maji yatamwondolea huzuni, yasimwondolee, akalala. Alipoamka, akiwa peke yake kitandani, ndipo alipoyaachia machozi. Na mtu huyu, ambaye fikira zake zimelilisha Kanisa zaidi ya miaka 1,600, aliona haja ya kuwaomba wasomaji wake wasimcheke kwa kuwa alimlilia mamaye sehemu ndogo ya saa moja! Sisi twadiriki kusema ya kuwa katika nyumba ile aliyefanya lililo sawa kwanza ni yule kijana aliyenyamazishwa.

Na tutoe mfano mwingine wa karibu na siku zetu. Mwingereza C. S. Lewis aliandika mwaka 1940 kitabu cha kueleza jinsi maumivu yawezavyo kuwapo katika ulimwengu wa Mungu mwema, nacho ni kitabu chenye hoja safi. Mwaka 1960 mkewe alikufa kwa saratani. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kingine, kidogo, wala hakutia jina lake bali jina la kubuni. Kitabu hicho cha pili si cha hoja zilizopangwa. Ni kilio, na mashaka, na maswali aliyomrushia Mungu usoni, na mwisho utulivu kidogo. Hakuacha imani yake. Wala hatusemi ya kuwa kitabu cha kwanza ni uongo. Twasema kwamba kitabu kile huenda kikafaa kwa mtu asiye na msiba, akae nacho chini ya mwembe na kutafakari. Lakini hata aliyekiandika hakikumtosha usiku ule.

Tuseme sasa juu ya mwili, kwa kuwa waalimu tuna tabia ya kuusahau. Eliya alipokimbia jangwani, akaketi chini ya mti akaomba afe, Mungu hakumpelekea mahubiri. Alipelekewa mkate juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena, akaamshwa, akala tena. Maswali yalingoja hata alipofika Horebu. Wanawake wa vijiji vyetu walielewa jambo hili kabla ya kusoma habari zake: siku ya msiba huja na kuni kichwani, na ndoo ya maji, na unga, wakawasha moto ambao mfiwa hana nguvu ya kuwasha. Mwanamke aoshaye sufuria nyuma ya nyumba ya msiba, asiyejua kuomba mbele ya watu, pengine ndiye mchungaji wa siku ile.

Na kwa wale wateswao na ugonjwa usioponeka ndivyo ilivyo. Bibi Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua London mwaka 1967 nyumba ya kuwatunza wenye kufa, kwa kuwa aliona watu wakiambiwa ya kuwa hapana la kufanya tena, wakaachwa na maumivu yao. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu ni ya mwili na ya moyo na ya nyumba yake na ya roho yake pia, nayo yamefungamana. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha kazi kama hiyo Kampala, akitumia mofini ya maji, dawa isiyo ghali, inywewayo nyumbani; na tangu mwaka 2004 serikali ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika wenyewe. Twayataja haya kwa kusudi. Mtu alalaye akipiga kelele kwa saratani asomewe zaburi, ni vema. Lakini ikiwa iko dawa ya kumtuliza, nasi hatukuuliza habari zake, hatujui zaburi hiyo tumemsomea nani.

Lugha yetu yenyewe ina hekima hapa. Mtu akifiwa twamwambia "pole", nalo ni neno lile lile lililomo katika "polepole". Haliulizi sababu, wala halitoi sababu. Lasema tu, enenda taratibu, nasi tutakwenda kwa mwendo wako. Na wazee wa mwambao humwambia mfiwa "makiwa", neno lililo ndugu wa "ukiwa". Huutaja upweke wake kwa jina lake, basi. Wageni wengine wamedhani ya kuwa salamu hizi ni fupi kwa sababu hatuna la kusema.

Lakini "pole" pia yaweza kuwa nyepesi, na hapa ndipo penye aibu yetu. Matanga yakiondolewa, mikeka hukunjwa, sufuria hurudishwa kwa wenyewe, na ua uliojaa watu huwa na kuku tu. Ndipo msiba wa kweli unapoanza. Mjane husikia mlango ukigongwa saa ambayo marehemu alizoea kurudi, kumbe ni upepo. Mwezi wa pili hapana amtajaye marehemu, watu wakidhani watamtonesha, naye hapana alitamanilo kuliko kusikia jina lile likitajwa. Mchungaji aandike katika daftari lake siku ya kifo, si ili ajaze hesabu za mwaka tu, bali apate kujua ni lini miezi mitatu, ni lini mwaka, aende siku hiyo bila kuitwa.

Na kuna wajao bila kuitwa kwa kazi nyingine. Twajua sote ya kuwa katika nyumba nyingi siku ya kuondoa matanga ndiyo siku ya kuhesabu mali, na ndugu wa marehemu, wengine wao wenye viti vya mbele kanisani, huja kuchukua baiskeli, na cherehani, na mbuzi, na mabati, na pengine shamba. Jana walibeba jeneza. Yakobo aliandika ya kuwa dini safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Hakuandika kuwatazama wakati wa kuimba tu. Mwalimu aliyeomba vizuri kaburini na akaaga mapema siku ya kuhesabu mali, asije akasema ya kuwa amemfariji mtu. Abaki. Aketi palepale alipoketi usiku wa kwanza, na wazee wawili pamoja naye, akiwa na karatasi na kalamu, kila kitu kiandikwe na jina la achukuaye. Mara nyingi wachukuaji hupungua wakiiona kalamu. Kisha mvua ikianza, aangalie kama shamba la nyumba ile limelimwa, na kama halijalimwa, Jumamosi awatangulie wanafunzi wake na jembe.